Kabla ya kupaka, tuulize ugonjwa umelala tabaka gani

Hapa Kyela kuna tyubu moja ya dawa ambayo imekuwa jibu la kila swali la ngozi. Mtoto ana mapunye, anapakwa hiyo. Mvuvi wa Matema anawashwa mapajani, anapaka hiyo. Mama ametoka kupandikiza mpunga na katikati ya vidole vya miguu pamelika, anapaka hiyohiyo. Bibi ana baka jeupe mgongoni, mjukuu anatumwa dukani kuileta. Ndani yake mna dawa tatu zilizochanganywa: moja ya fangasi, moja ya bakteria, na steroidi ya kutuliza uvimbe na muwasho. Inapendwa kwa sababu ya hiyo ya tatu. Ukiipaka jioni, usiku unalala.

Mimi ni muuguzi mstaafu. Nimewahudumia watu wa bonde hili kwa sehemu kubwa ya maisha yangu, na ingawa sasa nalima mpunga na kakao karibu na Ipinda, majirani hawajaacha kuja barazani kwangu kunionyesha ngozi zao. Wanakuja na tyubu mkononi. "Shikamoo nesi. Hii imeacha kufanya kazi, nitajie yenye nguvu zaidi." Nami huwajibu kwa swali ambalo leo nataka tuulizane sote: mwanangu, ugonjwa wako umelala tabaka gani?

Tumezoea kuiona ngozi kuwa kitu kimoja chembamba, cha kuoshwa na kupakwa mafuta. Sivyo. Ngozi ya mtu mzima ikitandazwa inafika kati ya mita moja na nusu na mita mbili za mraba, na ni miongoni mwa viungo vizito kuliko vyote mwilini. Ina matabaka matatu, na kila tabaka lina kazi zake na magonjwa yake. Dawa inayofaa la juu huenda isifike la kati. Inayotuliza la kati huenda ikalibomoa.

Tuanze juu. Ngozi ya juu, ambayo wataalamu huiita epidemisi, ni nyembamba sana: kwenye kope ni sehemu ndogo tu ya milimita, kwenye nyayo inafika kama milimita moja na nusu. Seli zake huzaliwa chini, hupanda taratibu huku zikijaa protini ngumu iitwayo keratini, na zinapofika juu zimekwisha kufa. Safari hiyo huchukua takriban wiki nne. Unachokisugua kwa dodoki ukioga ni seli hizo zilizokufa. Mkulima wa hapa hahitaji maelezo marefu: ni ganda la mpunga, kavu na halina uhai, lakini punje ikivuliwa ganda hilo haidumu ghalani.

Katika ngozi hii ya juu hakuna mshipa hata mmoja wa damu. Hulishwa kwa chakula kinachopenya kutoka tabaka la chini yake. Nalisema hili kwa mkazo kwa sababu minadani tunauziwa chupa za kusafisha damu kila mtu anapojikuna. Fangasi wa vidole vya miguu hawamo kwenye damu. Wanakula keratini, na keratini iko huko juu, kwenye seli zilizokufa, kwenye kucha na kwenye nywele. Ukinywa chupa nzima ya maji machungu, fangasi hawana habari.

Na sababu ya fangasi kutuandama sisi ni hewa yetu wenyewe. Ziwa Nyasa liko kwenye mita 475 hivi juu ya usawa wa bahari, chini kabisa ya bonde la ufa, huku milima ya Livingstone imesimama mashariki na miinuko ya Rungwe kaskazini. Mvua za Machi na Aprili hunyesha mpaka Kiwira, Mbaka na Lufilyo zinamwagika mashambani. Jasho hupoza mwili pale tu linapokauka juu ya ngozi, na hewa ikiwa imejaa maji, halikauki. Mtu anashinda miguu ndani ya maji ya jaruba, nguo zimemganda, na lile tabaka la seli zilizokufa linalainika na kufunguka. Hapo fangasi wanapata mlango. Dawa ya kwanza ni kujikausha vizuri katikati ya vidole na mapajani, na kuvaa nguo kavu. Ya pili ni krimu ya fangasi peke yake, isiyo na steroidi, kwa wiki mbili hadi nne, na usiache siku muwasho unapokoma.

Mapunye ya kichwani yana habari tofauti ingawa ni fangasi vilevile. Huko kimelea hufuata unywele mpaka kwenye shina lake, ndani ya ngozi, mahali ambapo krimu haifiki. Mama anampaka mtoto kwa miezi, anamnyoa, anampaka tena, mapunye yanarudi. Mtoto huyo anahitaji vidonge kutoka kituo cha afya, vya kumeza kwa wiki kadhaa. Tyubu ngapi zimeishia kwenye vichwa vya watoto wetu bure!

Upele nao huishi katika tabaka hilihili la juu. Mdudu wake jike huchimba njia ndani ya seli zilizokufa na kutaga humo. Kwa mtu anayeambukizwa mara ya kwanza, muwasho huanza baada ya wiki nne hadi sita, kwa hiyo mtoto anapoanza kujikuna usiku, wenzake anaolala nao huenda wamekwisha kuupata. Steroidi inatuliza muwasho huku wadudu wanaendelea kutaga. Tiba ni nyumba nzima kupakwa dawa ya upele siku moja, kuanzia shingoni mpaka nyayoni, na nguo na mashuka yakafuliwa na kuanikwa juani. Akipakwa mmoja anayelia tu, mnapoteza fedha.

Chini kabisa ya ngozi ya juu ndipo zilipo seli za rangi. Watu wote, weusi kwa weupe, wana idadi inayokaribiana ya seli hizo. Kinachotofautiana ni wingi wa melanini ambayo seli hizo huitengeneza na namna inavyosambazwa kwa seli jirani. Melanini hiyo hukaa juu ya kiini cha seli upande wa jua, ikakizuia kisichomwe na miale. Mwanamke anayeanika usipa mchangani tangu asubuhi anaifanya kazi hiyo kwa sababu ana kinga hiyo. Ndugu zetu wenye ualbino wana seli hizo pia, ila hazitengenezi melanini ya kutosha, na jua la hapa linawaletea saratani ya ngozi mapema mno. Kule Moshi, katika hospitali ya KCMC, kuna kituo cha kanda cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichoanza mwaka 1992, na hapohapo hutengenezwa losheni ya kuwakinga na jua. Mtoto mwenye ualbino anayetumwa kuwinga ndege shambani saa sita mchana bila kofia wala mikono mirefu anatendewa ukatili, hata kama anayemtuma anampenda.

Halafu kuna wanaolipa fedha ili kuizima kinga hiyo. Mkorogo una kazi hiyo. Haidrokwinoni huzuia seli za rangi zisifanye kazi, zebaki hufanya vivyo hivyo kisha hupita mpaka kwenye figo, na steroidi kali huongezwa ili ngozi ing'ae haraka. Mkataba wa kimataifa wa Minamata, ulioanza kutumika mwaka 2017, umeshughulikia zebaki katika vipodozi, na nchini kwetu usimamizi wa vipodozi uko kwa Shirika la Viwango, TBS, tangu mwaka 2019. Sheria ipo. Lakini sisi tunaishi mpakani, na kikopo kidogo hakishindwi kuvuka. Nawaambia mabinti wazi: ile tyubu ya kwenye kabati la mama, ambayo mmegundua kwamba inaufanya uso uwe mweupe, inafanya hivyo kwa sababu ina jamaa wa dawa iliyomo kwenye mkorogo.

Sasa tushuke. Ngozi ya kati, yaani demisi, ndiyo yenye nguvu na hisia. Imefumwa kwa nyuzi za kolajeni zinazoizuia isichanike na nyuzi za elastini zinazoirudisha mahali pake ukiivuta. Humo mna mishipa ya damu, miisho ya neva, mashina ya nywele na tezi za jasho kati ya milioni mbili na nne. Mtu anayepalilia mchana wa Februari anaweza kutoa zaidi ya lita moja ya jasho kwa saa. Humo ndimo steroidi inamofika na kufanya uharibifu wake. Huzifanya seli zinazosokota kolajeni zipunguze kazi. Ngozi inakuwa nyembamba, mishipa inaonekana, na michirizi inatokea mapajani na kwapani. Michirizi hiyo haiondoki. Na fangasi waliokuwa juu, kwa kuwa mwili umenyamazishwa usipigane nao, wanatambaa kwa raha bila wekundu wa kuwatambulisha, mpaka hata tabibu akiangalia anababaika.

Bonde hili lina historia yake ya pekee katika ngozi ya kati, na vijana wengi hawaijui. Nazungumzia usubi. Inzi wake ni mdogo, mweusi, mwenye kinundu mgongoni, na huzaliana kwenye maji yaendayo kasi. Mito ishukayo kutoka Rungwe ilimpa makao mazuri kabla haijafika tambarare ya Kyela na kupunguza mwendo. Yale mawingu ya wadudu tunayoyaona juu ya ziwa si yeye, wale hawaumi. Inzi wa usubi huuma mchana, karibu na mto, na hana sindano ndefu ya kuchoma kama mbu. Hukata ngozi ya juu mpaka afike ya kati, damu ikajikusanya kwenye kidonda, akailamba. Na ndani ya ngozi ya kati ndimo wanamomsubiri watoto wa mnyoo uitwao Onchocerca volvulus, wadogo wasioonekana kwa macho. Anawanyonya pamoja na damu, wanakua ndani yake, kisha anawapeleka kwa mtu mwingine.

Minyoo mama hawako hapo. Wako chini zaidi, kwenye tabaka la tatu, lile la mafuta, wamejikunja ndani ya vinundu vinavyopapaswa kwenye nyonga, mbavuni au kichwani. Mnyoo mmoja anaweza kuishi miaka 10 hadi 15, na kila siku jike huachia watoto mamia. Watoto hao wanapokufa ndani ya ngozi, mwili unawaka: muwasho usiokoma, mikwaruzo, vidonda. Mwaka baada ya mwaka elastini inakatika, na mtu ambaye bado ni kijana anakuwa na ngozi ya mzee, imelegea na kukunjamana. Kwenye miundi ya miguu seli za rangi zinakufa, panabaki mabaka meupe yenye madoa meusi. Wadudu wakifika machoni, huleta upofu.

Wazee wenye miguu ya mabaka bado tunakutana nao katika soko la Ipinda na kwenye njia za Busokelo. Waliambiwa wana damu chafu. Waliambiwa ni ukurutu. Wengine waliambiwa wamerogwa, wakauza ng'ombe kulipa waganga. Hakuna krimu duniani ambayo ingemfikia mnyoo yule kwenye nyumba yake ya mafuta. Hata kipimo chenyewe kiliwashangaza watu: kipande kidogo sana cha ngozi kilikatwa nyongani, bila kutoa damu, kikawekwa kwenye maji ya chumvi, na chini ya hadubini wadudu wakaonekana wakitoka wakijinyonganyonga.

Dawa iliyobadilisha mambo ni ya kumeza. Ivermectin ilitokana na bakteria wa udongo wa Japani aliyepatikana na Satoshi Ōmura, na William Campbell akaifanyia kazi Marekani. Wote wawili walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2015. Kampuni ya Merck ilitangaza mwaka 1987 kwamba ingeitoa bure kwa wagonjwa wa usubi. Huku kwetu, Rungwe, Kyela na Ileje, ugawaji wa kila mwaka ulianza mwaka 2000, na waliofanya kazi hiyo ni wanakijiji wenyewe, wakipita nyumba kwa nyumba na kijiti cha kupimia urefu, kwa kuwa idadi ya vidonge hupimwa kwa kimo cha mtu. Dawa huua watoto wa mnyoo na kumzuia mama asizae kwa muda, haimuui mama. Ndiyo maana ilibidi irudiwe mwaka hadi mwaka, mpaka minyoo mama wafe kwa uzee. Watu walioimeza hata mwaka ambao hawakujisikia wagonjwa waliwakinga wajukuu wao. Januari 2025 Niger ilitambuliwa na Shirika la Afya Duniani kuwa nchi ya kwanza Afrika kuutokomeza usubi, na sisi tunaweza kufika huko.

Nimekaa sana kwenye usubi kwa sababu hakuna ugonjwa unaoonyesha vizuri zaidi kwamba unachokiona juu ya ngozi kinaweza kuwa na mama yake chini kabisa.

Ukoma ni jirani yake katika ngozi ya kati. Bakteria wake, aliyegunduliwa na Mnorwe Armauer Hansen mwaka 1873, anapenda sehemu za mwili zenye ubaridi na huvamia neva. Baka lake huwa limepauka au ni jekundu kidogo, haliwashi, haliumi, na hapo ndipo hatari ilipo. Mtu haendi hospitali kwa kitu kisichouma. Anapaka tyubu. Miezi inapita, vidole vinaanza kufa ganzi, anaungua jikoni bila kujua, anakanyaga kisiki bila kuhisi. Kumpima ni kazi ndogo: afumbe macho, umguse kwa ncha ya pamba ndani ya baka na nje yake, akwambie unagusa wapi. Asiposikia ndani ya baka, apelekwe kwa tabibu.

Kutokuhisi kuna maana hata kwenye moto. Wakati wa kuchemsha mawese sufuria kubwa hukaa chini, juu ya mafiga matatu, na watoto wanacheza hapohapo. Mafuta yakimwagika na ngozi ikawa nyekundu yenye maumivu, imeungua ya juu. Yakitoka malengelenge, moto umefika kwenye ya kati, lakini mashina ya nywele na tezi za jasho yamesalia, na kutoka humo ngozi mpya huchipua. Ngozi ikiwa nyeupe au ngumu na mtoto halii ukiigusa, mzazi hufurahi: haumii sana. La hasha. Neva zimeungua pamoja na mashina yote, hakuna pa kuchipulia, na kidonda kitajifunga kutoka kingoni huku kikivuta kiungo mpaka kipinde. Mtoto huyo apelekwe hospitali saa hiyohiyo. Kwa jeraha lolote la moto, mimina maji safi ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20. Usiweke unga, yai, asali, dawa ya meno wala ile tyubu.

Lawama yangu haiko kwa mama anayenunua. Yeye anatafuta usingizi wa mtoto wake. Iko kwetu tuliosoma kidogo tukayaweka tuliyosoma kifuani. Maduka ya dawa muhimu yalianza mwaka 2003 mkoani Ruvuma, huko kusini kwenye ziwa hilihili, ili dawa salama zifike vijijini, na wauzaji wake walifundishwa. Ndugu muuza dawa, unapoombwa tyubu ya mchanganyiko, omba kwanza kuiona ngozi yenyewe. Iwapo ni fangasi, uza ya fangasi. Iwapo ni baka lisilowasha, usiuze kitu, mwelekeze zahanati. Steroidi kali isitoke kwenye rafu bila cheti cha tabibu.

Walimu wa sayansi nawaomba msiwachoree watoto ngozi ubaoni tu wakanakili majina. Waonyesheni mikono yao wenyewe, magaga ya nyayo za baba zao, miguu ya babu aliyepitiwa na usubi.

Na madiwani wa Kyela, katika bajeti ijayo tengeni fungu la kumsomesha tabibu mmoja zaidi wa ngozi kule Moshi, naye arudi azungukie vituo kuanzia Kasumulu hadi Matema kwa ratiba inayojulikana, kama kliniki ya watoto inavyojulikana. Wananchi wenye hitaji hilo ni wengi, na wengi wao hawatakuja kulalamika ofisini kwenu kwa sababu ya ngozi.

Wewe unayesoma, kama mwilini mwako kuna baka lisilohisi pamba, nenda zahanati iliyo karibu wiki hii. Tiba ya ukoma ni ya miezi 6 au 12, na dawa zake ni bure.